Yai Lilikuwa Jiwe, Kinoo Kilikuwa Mfupa

Mazungumzo mbele ya wanakijiji, walimu na wanafunzi wa sekondari, mkoani Lindi

Ndugu Mwenyekiti wa kijiji, Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Mkuu na walimu wote, akina mama, vijana wa machimbo ya kokoto, wanafunzi. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi mliojibanza kule chini ya mwembe, sogeeni, maana leo mawe yatapita mkono kwa mkono, na aliye mbali atabaki kusimuliwa.

Nimepewa nusu saa. Mtu aliyekaa miaka 30 akichokonoa mifupa kwa sindano na mswaki hajui nusu saa inafananaje, lakini nitajitahidi.

Nianze na kijana mmoja wa ukanda huu. Jina lake nalihifadhi, nilimwahidi. Alikuja kwangu msimu wa korosho ukiisha, kapanda bodaboda, kapakata kiroba mapajani. Ndani ya kiroba mna jiwe la mviringo, kubwa kupita yai la mbuni, limeviringishwa kwenye khanga ya mkewe kama kichanga kinachotoka kliniki. Akaniamkia, nikaitikia, akalifunua taratibu. "Mzee, nimekuletea yai la mjusi."

Mnajua ni mjusi gani. Sisi wa Lindi tukisema mjusi kwa sauti ile, hatumaanishi wa ukutani. Tunamaanisha yule dinosaria ambaye mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, aliyetoka Tendaguru hapa kwetu. Kwa haki yake dinosaria si mjusi, ni ukoo mwingine kabisa, na kuku wako ana udugu naye wa karibu kuliko mjusi. Lakini jina limeshakaa, na mimi si mtu wa kugombana na jina lililokaa.

Nikalipokea lile yai, nikaligeuza, nikalitazama kwa lenzi, nikalirudisha kwenye khanga. Nikamwambia, mwanangu, hili ni jiwe, na halijawahi kuwa kitu kingine. Uso ukamshuka. Akaanza kukusanya vitu vyake, na katika kuinua kiroba kikadondoka kipande kingine, bapa, rangi ya kahawa iliyoungua, upande mmoja umelika ukawa laini. Nikauliza, na hicho je? Akasema, "Hicho si kitu, mzee. Hicho kinoo changu, nanolea panga."

Nikakipeleka mlangoni penye mwanga. Jamani, panga lake lilikuwa limefanya kazi ambayo maabara huifanya kwa msumeno wa almasi. Lilikuwa limekata na kusugua, kusugua, mpaka ndani pakafunguka. Pembezoni palikuwa na ukanda mwembamba uliobanana. Ukielekea katikati vinaanza vijitundu, vidogo mno, kisha vinakua, vimepangana kwa mwelekeo mmoja kama mkate wa kumimina ukiukata kwa kisu kikali. Miaka mitatu mtu ananolea panga mfupa wa mnyama wa kale, na jiwe la kawaida analifunga khanga akidhani ni yai.

Kwa hiyo habari yangu ya leo ni fupi. Ukiokota kitu cha ajabu na unataka kujua kama ni kisukuku, usiliulize umbo lake. Umbo ni msema uongo. Uliza ndani pake pakoje, halafu uliza kwao ni wapi.

Kisukuku, kwa wale wadogo, ni masalia au alama ya kiumbe aliyeishi zamani sana, iliyotunzwa na ardhi. Huweza kuwa mfupa, jino, kombe la chaza, jani, gogo, unyayo, hata kinyesi. Ili mfupa ufike huko, lazima ufukiwe mapema, kabla fisi na jua na mvua havijaumaliza. Matope yanaulalia, maji yenye madini yanapenya kwenye vile vijitundu, yanajaza, yanabadilisha kidogo kidogo, mpaka unakuwa mzito kama jiwe huku ramani yake ya ndani imebaki ileile.

Sasa nyama haina subira hiyo. Nyama huoza. Nasema hivi kwa sababu nimeshaletewa mioyo minne iliyogeuka jiwe, figo moja, kichwa cha nyoka kilichofumba macho, na mguu wa mtoto wenye vidole sita. Wote walioleta walikuwa watu wazima na akili zao. Macho ya binadamu ndivyo yalivyo, hutafuta sura kila mahali. Ukiamka usiku wa manane, shati lililotundikwa msumarini ni mtu, na unajua kabisa ni shati lako. Jiwe likifanana na moyo, nyama au jicho, basi kule kufanana kwenyewe ndiko kunakutilia shaka.

Upo moyo mmoja tu ninaoujua wenye heshima. Kule Songwe, kwenye bonde la Rukwa, watafiti walichimba dinosaria mmoja kwenye kingo za mto Mtuka, na mwaka 2019 wakampa jina la Kiswahili kitupu: Mnyamawamtuka moyowamkia. Moyo wa mkia! Mnyama hakuwa na moyo mkiani. Pingili mojawapo ya mkia wake, ukiitazama kwa nyuma, ina umbo la kopa kama la karata. Kwa hiyo hata pale moyo ulipoonekana, ulikuwa mfupa.

Haya, pitisheni kibao hiki. Mwanafunzi uliyekishika, unaona nini? Jani. Wengine? Mti wa mkangaga, mwani. Ni kizuri, nakubali, kimechorwa kwa wino mweusi kama na fundi. Hakuna jani hapo. Maji yenye manganizi yalipenya kwenye ufa mwembamba wa jiwe, yakaacha masizi yake yakitawanyika matawi kwa matawi. Mnaweza kujaribu nyumbani. Chukua vipande viwili vya kioo, weka tone la rangi ya mafuta katikati, bana, halafu vitenganishe polepole. Utaona msitu umeota, na hukupanda mbegu.

Jani la kweli lina mshipa mkuu, lina ukingo, lina mwanzo kwenye kikonyo na mwisho kwenye ncha, na mishipa yake midogo hukutana. Hili "jani" la manganizi halina mshipa, halina ukingo, linaanzia kwenye mstari wa ufa na kukimbilia ndani, na tawi lake moja halijali lingine linakwenda wapi. Ukishaliona hilo mara moja, hutadanganyika tena. Mimi nilidanganyika mara mbili, lakini mimi sikuwa na mtu wa kuniletea kibao.

Na yai je? Yai la yule kijana ni kitu ambacho vijana wa machimbo mnakipiga nyundo kila wiki. Ndani ya matope au mchanga unaogeuka mwamba, madini huanza kuganda kuzunguka kitu kidogo, chembe ya mchanga, kipande cha kombe, mzizi. Yanaganda tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na kinachotoka ni tufe. Mengine hupasuka ndani yakakauka, nyufa zikajaa madini ya rangi nyingine, na sasa mtu analeta "kobe" mwenye gamba lililogawanyika vigae. Yai la kweli lina ganda. Ganda hilo ni jembamba, la milimita chache tu, unene wake unalingana pande zote, juu lina vinyweleo au vipele vidogo vya kupitisha hewa, na rangi yake inatofautiana waziwazi na tope lililojaa ndani. Ukiona jiwe ni lilelile toka nje hadi kiini, au lina pete pete, hapo hakuna kuku wala mjusi.

Lakini msiende mkayavunja yote kwa hasira. Nimesema madini huganda kuzunguka kitu. Kile kitu mara nyingine ndicho kisukuku chenyewe. Majirani zetu wa Madagaska, upande wa kaskazini kule Ambilobe, wana matufe ya namna hiyo ambayo ndani yamefumbata samaki wa zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita, mwenye magamba yake na mapezi yake. Kwa hiyo tufe si yai, ila laweza kuwa sanduku. Atakayelifungua awe na ufunguo, na nyundo ya kokoto si ufunguo.

Sasa naomba ungo. Mama, asante. Humu nimeweka mawe matatu yenye matundu, na hapa ndipo nataka tukae.

La kwanza nililiokota Tukuyu. Jeusi, jepesi, limetoboka kila mahali. Hilo ni jiwe la volkeno. Matundu yake ni mapovu ya gesi yaliyokamatwa wakati uji wa moto unaganda. Yatazameni: mengine makubwa kama punje ya mtama, mengine kama tundu la sindano, yamechanganyika ovyo, hayana safu, na yako sawa ukingoni na katikati. Povu halina mpango.

La pili ni la pwani. Jeupe linaloelekea njano. Matundu yake yanalingana kama yamepigwa kwa chapa moja, na ukilisogeza karibu na jicho, ndani ya kila tundu kuna kuta nyembamba zinazokwenda katikati kama nyota. Hilo ni tumbawe, na hilo ni kisukuku kweli. Kila tundu lilikuwa nyumba ya mnyama mmoja mdogo. Na kama mnadhani visukuku ni vitu vya makumbusho tu, siku mkienda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya Msikiti Mkuu, msitazame kuba peke yake. Tieni uso karibu na ukuta pale plasta ilipobanduka. Mtaona nyota hizi. Wazee wetu wa Kilwa, wa Lamu, wa Unguja, walichonga mawe ya miamba ya matumbawe iliyokufa zaidi ya miaka 100,000 kabla yao, wakajengea nyumba na misikiti. Watu wa pwani tumelala ndani ya visukuku karne kwa karne, na hakuna aliyepiga kelele.

La tatu ndilo mfupa. Tazameni ukingoni kwanza. Pamebanana, karibu hakuna tundu. Ingia ndani kidogo, vinaanza vijitundu vyembamba. Katikati ni kama sifongo, na zile kuta kati ya tundu na tundu zina mwelekeo, maana mfupa hujijenga kufuata uzito unaoubeba. Lava haina ngozi na nyama ya namna hii, tumbawe halina. Mfupa una gamba la nje, una sifongo la ndani, na mpito kutoka hili kwenda lile ni wa taratibu. Mama anayechinja mbuzi anaijua ramani hii kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu. Leo jioni ukivunja mfupa wa supu, utazame kabla hujaunyonya.

Kuna jaribio la zamani ambalo watu wa kazi hii hulifanya wakidhani hawaonekani: kulamba. Mfupa wa kale, kwa vile una vijitundu, hunata kwenye ulimi. Ni kweli hunata. Lakini udongo wa mfinyanzi mkavu nao hunata, na akina mama waliowahi kula udongo wakiwa wajawazito mnacheka kwa sababu mnanielewa. Tena mfupa uliojazwa madini sawasawa hauna tundu lililo wazi, basi haunati. Kwa hiyo kulamba si hukumu. Na jiwe lililolala njia ya ng'ombe, jamani, tumia kidole chenye mate, yatosha.

Uzito husaidia kidogo. Mfupa wa ng'ombe wa mwaka juzi ni mwepesi, ukiugonga kwa ukucha unatoa sauti ya mti. Kisukuku kingi ni kizito na hulia kama kigae. Yasiyofaa kabisa ni haya: kuchoma moto uone kama kitanuka, kugonga nyundo uone kama kina dhahabu, na kumwagia maji ya betri au ndimu. Asidi hupovusha chokaa yoyote, ya kombe la kale na ya jiwe lisilo na habari, kwa hiyo hukupata jibu, na ulichokuwa nacho umekila.

Nimetoka kwenye ndani, sasa nakuja kwenye kwao.

Kila jiwe lina mahali lilipozaliwa. Mawe ya Mwanza, yale makubwa yaliyobebana ziwani, yalitokana na uji wa moto ulioganda chini sana ardhini. Huko hakuna mnyama anayeishi wala kufa. Akija mtu na kuniambia kaona mfupa umenasa katikati ya jiwe la aina hiyo, najibu kabla sijaliona. Tunatafuta kwenye miamba ya mashapo, ile iliyotandikwa na maji au upepo, ya mchanga, ya tope, ya chokaa, inayoonekana tabaka tabaka kama chapati zilizopangwa. Na pia majivu ya volkeno, ambayo ndiyo siri ya Oldupai na Laetoli, kule Ngorongoro. Kama hujui jiwe ni la aina gani, tazama jirani zake. Mfupa mmoja ni habari. Mfupa mmoja na makombe matatu kwenye tabaka lilelile, hiyo ni kesi.

Hapa Tendaguru ushahidi huo upo wazi. Kati ya tabaka zenye mifupa ya dinosaria, zipo tabaka zenye makombe ya bahari, na leo bahari iko mbali. Maana yake, miaka kama milioni 150 iliyopita pwani ilikuwa huku, yenye vidimbwi na fungu za mchanga, na wale wanyama walikuwa wakifa karibu na maji.

Mwaka 1906 mhandisi wa migodi wa Kijerumani alionyeshwa mfupa uliochomoza ardhini, na kuanzia 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin ikachimba. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani mwa babu zetu mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne. Viongozi wa msafara walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, na majina hayo yako kwenye kila kitabu. Nataka mlijue na jina la Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji. Huyu ndiye aliyesimamia mikono iliyojua wapi jiwe linaishia na mfupa unaanzia. Karibu miaka 100 baadaye, 2007, dinosaria mmoja akapewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa Wamwera wenyeji wa hapa na kwa Mohammadi Keranje aliyeongoza uchimbaji wake. Wamwera mliopo, mpige makofi, msinitazame tu.

Lakini nimeyaleta haya kwa jambo jingine. Kila shimo pale lilipewa herufi au namba yake. Yule mrefu wa Berlin, mwenye urefu wa mita 13 na kitu kutoka sakafuni hadi utosini, sehemu kubwa ya mifupa yake halisi inatoka kwenye mnyama aliyeandikwa S II. Herufi moja na namba moja. Kwa hizo wanajua mguu huu na shingo hii ni vya mwili mmoja, vilitoka shimo lipi, tabaka lipi. Ungefuta ile S II, ungebaki na rundo la mifupa mikubwa.

Mfano mwingine uko Nairobi. Ndani ya makumbusho kulikuwa na mataya na meno ya mnyama mkali, yamechimbwa miongo kadhaa kabla huko Meswa Bridge, magharibi ya Kenya, yakawekwa kwenye droo. Siku moja mtafiti akavuta ile droo. Alikuwa mla nyama mkubwa wa miaka kama milioni 22 iliyopita, hana undugu wa karibu na simba wa leo, na mwaka 2019 akaitwa Simbakubwa kutokaafrika. Yale meno yangeweza kulala miaka 100 mingine yasiharibike thamani, kwa kuwa ilijulikana yalitoka wapi.

Sasa rudini kwa kijana wangu wa kinoo. Nilimuuliza, mwanangu, hiki ulikiokota wapi? Akafikiri. Akasema, "Njiani, mzee, tulipokuwa tunahama kutoka shamba la mjomba." Njia yenyewe ni mwendo wa saa tano kwa miguu. Tuliipita mimi na yeye mara mbili, tukachungulia kila korongo. Hatukupata kitu. Kile kipande ninacho, kimeandikwa kwa wino mweusi, na kwenye nafasi ya mahali pana mstari mtupu. Ni mfupa yatima.

Msimcheke. Nilipokuwa kijana, wiki yangu ya pili kazini, nilipata jino zuri, nikalitia mfuko wa shati nikamwonyeshe bosi. Nikasahau. Jino lilionekana siku mbili baadaye kwenye beseni la kufulia, na mimi nilikuwa nimetembea vilima saba. Bosi hakunigombeza. Alinipa daftari na penseli, akanyamaza wiki nzima, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko matusi.

Niseme kidogo juu ya nyayo, kwa sababu huku kwetu kila kijiji kina mwamba wenye unyayo wa mtu. Sibishani na mwamba wa wazee. Nasema tu kwamba shimo moja lenye umbo la mguu, mvua hulichimba bila kusaidiwa. Unyayo wa kweli una mwenzake. Uliza hatua ya pili iko wapi, na ya tatu, na kama umbali unalingana.

Mwaka 1976 huko Laetoli, kundi la mtafiti Mary Leakey walikuwa wakirushiana kinyesi kikavu cha tembo, watu wazima wenye shahada zao. Mmoja wao, Andrew Hill, akiwa chini anajikinga, akaona alama ardhini: nyayo za wanyama, na matone ya mvua. Majivu ya volkeno yalikuwa yamelowa, yakakanyagwa, yakakauka kama saruji. Mwaka 1978 ukaonekana msururu wa nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, hatua kwa hatua kwa zaidi ya mita 20, umri wake miaka milioni 3.66. Ni ule msururu ulioondoa ubishi. Maana palikuwa na nyayo nyingine chache, zilizoonekana toka 1976 karibu na hapo, zenye umbo la ajabu, baadhi ya wataalamu wakasema labda ni dubu. Zikafukiwa, zikasahaulika. Zilipofukuliwa upya na kusafishwa, mwaka 2021 ikaandikwa kuwa si dubu, ni jamii ya watu wa kale. Miaka 45 kusubiri kusafishwa vizuri. Kwa hiyo na mimi nikikuambia leo jiwe lako si kitu, hifadhi picha yake.

Macho hufundishika, hilo nalijua. Kamoya Kimeu, Mkamba wa Kenya aliyeanza kama kibarua wa kuchimba visukuku, siku ya mapumziko kando ya Ziwa Turkana mwaka 1984, wenzake wakipumzika, alikwenda kunyoosha miguu kwenye uwanja uliojaa kokoto nyeusi za lava. Kati ya zile kokoto akaona kipande kimoja, ukubwa wa kiberiti, rangi karibu sawa na kokoto. Kilikuwa kipande cha fuvu. Hapo Nariokotome wakachimba mifupa zaidi ya 100 ya kijana mmoja aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Jambo lililomkamata jicho lilikuwa dogo, mpindo wa fuvu na ule uso wa mfupa katikati ya mawe, maana rangi isingemsaidia.

Sasa swali ambalo mmelikalia toka nianze, naliona usoni. Bei. Huku kwetu Mjerumani alipita, kwa hiyo kila shimo lina hazina yake na kila rupia ina maajabu. Watu wamechimba chini ya mibuyu mpaka mibuyu imeanguka. Na wapo madalali wanaopita wakisema yai la mjusi ni milioni kadhaa, toa kwanza hela ya kulipima. Ukishatoa hela ya kupima, ndugu yangu, yai umetaga wewe. Kisukuku hakina madini ya kuyeyusha. Na kisheria, tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: vitu hivi vinalindwa, huwezi kuvichimba wala kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Wenzetu wa Kenya nao wana sheria yao ya 2006.

Ukikiona basi, kiache pale pale kwanza. Toa simu. Piga picha ya mbali inayoonyesha mlima, mti au kona ya mto. Piga ya karibu, ukiweka sarafu ya shilingi 200 kando yake ijulikane ukubwa. Kama simu yako inasoma namba za mahali ulipo (GPS), ziandike hizo namba. Andika kimetoka ndani ya tabaka au kilikuwa kimelala juu ya mchanga, maana kilicholala kimeletwa na maji, na inabidi tupande mkondo kutafuta kilikotoka. Kisha mwone mtendaji wa kijiji, au afisa utamaduni wa wilaya. Kikiwa kinaelekea kusombwa na mvua usiku huohuo, hapo nakuruhusu, kichukue, lakini piga kijiti ardhini mahali kilipokuwa.

Nimemaliza kwa upande wangu. Binti wa kidato cha tatu ameuliza kama kisukuku lazima kiwe na matundu. Swali zuri, linaniokoa. Hapana. Kombe la chaza mara nyingi limeyeyuka lote, kimebaki kivuli chake kwenye jiwe, na huyo unamtambua kwa mistari iliyo na nafasi zinazopanuka kwa mpangilio kutoka kwenye bawaba hadi ukingoni. Jino unalitambua kwa mng'ao wa sehemu ya juu na ukavu wa mzizi. Gogo lililogeuka jiwe, kama yale ya Sibiloi kaskazini mwa Kenya, huweza kuwa na pete za ukuaji na vifundo vya matawi. Kila kimoja kina ndani yake.

Na mzee ameuliza mjusi wetu atarudi lini. Mzee wangu, hilo limeshafika bungeni, mimi ni fundi wa mswaki. Ila nitasema hivi: vilima vya huku havijaisha.

Haya, waliokuja na mawe wapange mstari hapa mezani, mmoja mmoja. Mama mwenye kapu aanze. Na wewe kijana, nimekuona toka mwanzo umelifumbata hilo duara kwapani. Lete, lakini lile ulilowekea gurudumu la mkokoteni pale nje, lilete pia.